Bi Kimya, Sinema Yako Bado Imesimama

Mwaka umekatika leo, Mama, tangu asubuhi ile Baba alipokuwa akikuchana nywele kitandani pale hospitalini. Ulimwambia asivute kwa nguvu. Akasema havuti. Ukakishika kiganja chake, ukakilaza juu ya blanketi, ukaenda zako. Baba alibaki na kitana mkononi mpaka muuguzi alipokuja kumwondoa taratibu.

Watu walituambia muda utatupoza. Tumeungoja mwaka mzima, haujatupoza, na siku hizi hata kuuomba tumeacha. Tunakuandikia tukiwa na hasira kidogo, kama ulivyokuwa wewe siku zako za mwisho, na tunajua hutatulaumu.

Kwa wasiokujua: uliitwa Bi Kimya. Wewe mwenyewe hukuwa mtu wa kimya hata kidogo. Nyumbani ulianza kuongea kabla hujavaa kandambili, ukaendelea mpaka usingizi ukukatize katikati ya maneno. Jina hilo ulipewa na watazamaji wa sinema kubwa ya mjini, ile yenye uso wa duara pale njia panda, ambako kazi yako ilikuwa kuwaonyesha watu viti vyao gizani. Mtu akipiga soga filamu ikiendelea, ulikuja ukasimama nyuma yake, ukasema neno moja tu, na soga ikaisha. Daktari mmoja, mtu mzima mwenye mvi, alituambia msibani kwamba mpaka leo akisikia mtu anasema "kimya" yeye hukaa wima.

Ulivaa raba nyepesi ili usisikike unapopita. Mwanga wa tochi uliuelekeza miguuni, hukummulika mtu usoni hata siku moja. Mdogo wetu alipokuuliza sababu, ulimwambia kwamba mtu anayeingia gizani amekuja kuupumzisha uso wake, kwa hiyo uachwe. Kulikuwa na mwanamke aliyekuja peke yake, akalia tangu filamu inaanza mpaka inaisha, hata iwe ya kuchekesha. Ulimpa kiti cha nyuma ya nguzo, ambacho hakuna aliyekitaka, na hukumuuliza kitu. Baadaye akaacha kulia, akaanza kuja na mume mpya. Ulifurahi kana kwamba wewe ndiye uliyemwoza.

Na mchonga funguo wa mtaa wa nyuma, aliyepofuka akiwa ameshakuwa baba wa watoto. Alidhani sinema nayo imemwisha. Ulimfuata kibandani kwake, ukamwambia kiti chake kipo na aache visingizio. Akaja. Ukakaa pembeni yake ukawa unamnong'oneza: sasa mlango unafunguka, sasa yule mwanamke amegeuka, amekasirika lakini anajifanya hajakasirika. Watu wa safu ya mbele wakageuka kutazama ni nani huyo asiye na adabu. Wakamwona Bi Kimya mwenyewe. Wakarudisha shingo zao mbele haraka.

Hapo hapo ndipo ulipompata Baba, au yeye alipokupata wewe, hamkuwahi kukubaliana. Alikuwa mchora mabango. Kila filamu mpya ilipokuja, alipanda ngazi na makopo yake ya rangi, akachora sura za waigizaji juu ya mlango, kubwa kuliko mlango wenyewe. Kabla hajakutamkia neno lolote la mapenzi, waigizaji wote wa kike walianza kuota mwanya. Muuguzi wa filamu ya vita, mwanya. Malkia, mwanya. Watazamaji wakalalamika kwamba ndani ya filamu mwanya hawauoni. Mwenye sinema, mzee mpole wa suti za kaki, akamwita Baba nje akamuuliza kama macho yake yana tatizo. Wakati huo wewe ulikuwa unafagia varanda, ukasikia, ukacheka. Mzee akayatazama meno yako. Kisha akamwambia Baba, "Basi, endelea."

Sisi wanao tumetoka kwenye mabango hayo.

Ulitusimulia enzi za foleni, ilipoanzia dirisha la tiketi, ikapita kwa fundi cherehani, ikapita duka la dawa, ikakata kona isionekane mwisho wake. Viti vyekundu vikajaa chini na juu, na waliokosa wakakaa kwenye ngazi, ukawakemea kisha ukawaacha. Zikaja kanda za video. Ikaja televisheni kila nyumba, na mwishowe simu, kila mtu na sinema yake mfukoni. Watazamaji wakapungua, popo wakahamia darini. Mzee hakufunga. Alikodisha ukumbi kwa mahafali ya shule, kwa harusi, kwa mikutano ya madereva waliokuwa wakigombana na waajiri wao. Mwaka wa mafuriko, nyumba za bondeni zilipojaa maji, alikwambia ufungue milango. Familia zikakaa humo mpaka maji yalipokauka, nguo zao zikaanikwa kwenye viti vya juu. Mchana ulimwomba fundi wa mashine awawekee watoto filamu. Fundi akasema umeme ni wa kubahatisha. Ukamjibu kwamba wale watoto nao sasa wanaishi kwa kubahatisha, awashe tu. Aliwasha. Tunalitaja hili kwa sababu wale watoto wamekua, na utaona walichokuja kufanya.

Mzee alipofariki, jengo likaenda kwa mwanawe. Tutamwita Mrithi, maana ndivyo ulivyomwita wewe tangu siku alipokuja na watu wenye futi za kupimia. Wakapima uso wa jengo, wakapima ukumbi, wakapima hata choo. Akatangaza kwamba litabomolewa, pajengwe maduka na maegesho ya magari. Ulishika kichwa. Mtoto huyo ulimbeba mgongoni alipokuwa mchanga, ili baba yake apate nafasi ya kuuza tiketi.

Alikuja kukuaga kwa heshima zote. Akakushika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama, umechoka sasa. Pumzika."

Ukamwambia, "Nikichoka nitakaa. Viti viko humu vingi."

Kesho yake akafunga mlango kwa kufuli. Wewe ukachukua kiti cha jikoni, ukakiweka kwenye ngazi za mbele, ukakaa. Ukawa unafanya hivyo kila alasiri, saa ile ile filamu zilipokuwa zikianza. Mwanzoni wapita njia walidhani umepatwa na msiba. Ukaanza kuwasimulia filamu kwa mdomo, nzima nzima, na milio ya farasi, na milango inayobamizwa, na sauti ya jambazi uliyoipenda kuliko sauti ya shujaa. Fundi cherehani akaleta kigoda chake. Mchonga funguo akaletwa na mkewe. Watu wakachelewa kurudi kazini, ukawaambia waseme wameshikwa na foleni. Huku ukisimulia, ulikuwa ukieleza pia kinachotaka kufanywa na jengo lile, na ombi likapelekwa baraza la jiji kwamba lilindwe.

Miguu ikaanza kukuvimba. Dada yetu mkubwa, ambaye ni mwalimu wa chekechea na amezoea kutiiwa, alikukataza kutoka. Ukamwambia nyumbani hakuna mtu anayetaka kubomoa kitu, kwa hiyo huna la kufanya huko. Ulikwenda hivyo hivyo, ukiegemea mkono wa Baba, mpaka moyo ulipokataa na tukakupeleka hospitali. Siku zako za mwisho uliuliza habari za baraza la jiji kuliko habari za vipimo vyako.

Msibani, Mrithi alileta shada la maua kubwa kuliko yote. Baba alilipokea na kumshukuru, kwa kuwa ndivyo ulivyotuzoeza sote. Macho yetu hayajakauka vizuri, fundi cherehani akatupigia simu. Kufuli imefunguliwa, alisema, mafundi wako ndani wanang'oa viti.

Hapa, Mama, ndipo tulipotamani sana ungekuwepo. Dada aliwaacha watoto wa chekechea na mwenzake, akaenda kwa miguu, chaki bado iko kwenye vidole. Alikuta mafundi wameshafungua safu ya kwanza, wameirundika mlangoni. Hakugombana. Alikwenda safu inayofuata, akakaa. Fundi cherehani akaja akakaa, nasi tukafuata. Wakaja wanawake wa duka la dawa wakiwa na makoti yao meupe. Halafu, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi, wakaja wale watoto wa mafuriko, sasa watu wazima wenye ndevu, wengine na watoto wao wenyewe begani. Hakuna aliyewaita, waliambizana. Mpaka jua linageukia upande wa pili wa barabara, ukumbi ulikuwa umejaa kama enzi za foleni, na mbele hakuna filamu, kuna mafundi wameshika spana wasijue wafanye nini.

Nyapara wao alimpigia simu Mrithi. Tulimsikia sote: "Bosi, mimi nimetumwa kung'oa viti. Kung'oa watu sikutumwa."

Mrithi akaja. Alisimama mbele, chini ya skrini, akatueleza kwa upole kwamba vitu hivi ni vya zamani, kwamba mji unakwenda mbele, kwamba hata marehemu angetaka watoto wake wapate ajira katika maduka hayo. Akamwahidi Dada nafasi ya usimamizi. Watu wakaanza kuguna. Dada akainuka, akatembea mpaka katikati ya ukumbi, akaonyesha sakafuni.

"Kaka, hapa ndipo ulipojifunza kutembea," alisema. "Mama alikushika mikono, baba yako amesimama pale mlangoni. Ukitaka kubomoa, anzia hapa. Sisi hatutakuzuia, tutakuangalia tu."

Mrithi alitazama pale sakafuni. Kisha akawaambia mafundi wakusanye vifaa, akatoka bila kumuaga mtu. Mafundi walirudisha viti kabla ya kuondoka, bila kuombwa. Safu ya kwanza inayumba mpaka leo, lakini inakalika.

Kikao cha baraza la jiji kilifanyika baada ya hapo. Waliongea wengi, wengine vizuri sana. Mwishoni mwenyekiti aliuliza kama kuna mwingine, na mchonga funguo akainua fimbo yake. Alisema tangu macho yake yazime hajaiona sura ya mkewe wala ya watoto wake, lakini filamu ameziona, kwa sababu palikuwa na mahali na palikuwa na mtu. "Mtu tumeshamzika," alisema. "Mahali mnaweza kutuachia." Akakaa. Mkewe alikuwa anafuta macho kwa kanga, na Baba alikuwa anatazama dari kana kwamba anakagua rangi.

Baraza likaamua kwamba uso wa jengo na ukumbi wake visiguswe, na milango ibaki wazi kwa watazamaji. Tulipiga vigelegele barabarani mpaka magari yakasimama. Mrithi amekata rufaa, na shauri litasikilizwa hivi karibuni. Wanasheria anao wengi, na subira anayo pia. Hatutakudanganya kwamba yameisha.

Lakini sikiliza hali ya nyumbani kwako, pale sinema, ilivyo. Paa linavuja upande wa kushoto, tumetandika ndoo. Popo hawajahama, na mdogo wetu anadai wanapenda filamu za mapenzi kwa sababu hutulia. Mashine kubwa imekufa, kipuri chake hakipatikani tena, kwa hiyo fundi wa mashine anatumia projekta ya kuazima na anaitukana kila inapokwama. Wanaokuja hawajazi ukumbi. Wanakuja, lakini. Dada ndiye anayeshika tochi siku za Jumamosi, na ameanza kuongea sana nyumbani, jambo linalomtia mumewe wasiwasi.

Na Baba amepanda ngazi tena. Mikono inamtetemeka, wajukuu wameshika ngazi huku na huku, nasi tuko chini tumeshika roho zetu. Amekuchora wewe, juu ya mlango, ukubwa ule ule wa malkia. Pua ameifuta na kuirudia mara kadhaa. Tulimwambia imetosha, imefanana. Akasema sisi tulikufahamu ukiwa tayari mama wa watu, tungejua nini.

Tunafahamu kwamba Mrithi husoma gazeti hili, hata ukurasa huu wa kumbukumbu. Asome. Kaka, hatukuchukii. Mgongo uliokubeba ndio uliotubeba sisi, na ndiyo maana tunasema nawe kwa adabu. Ila rufaa yako tutaikuta huko huko ulikoipeleka. Tukishinda tutakuwa ndani ya ukumbi. Tukishindwa utatukuta ndani ya ukumbi. Waambie wanasheria wako wajipange hivyo.

Na ninyi mnaosoma, mliokutana na wake zenu mle ndani, mliokwepa shule mkajificha viti vya juu, mliosubiri maji yapungue: Jumamosi hii alasiri milango itakuwa wazi kwa ajili yake. Itaonyeshwa filamu ambayo alikuwa akiisimulia pale ngazini bila kuchoka. Njooni na watoto. Njooni hata kama mnaujua mwisho wake.

Unakumbukwa na mumeo, mchora mabango; na binti yako mkubwa, mwalimu; na mwanao wa kati, aliyeshika kalamu hii; na mdogo wetu, ambaye kila mstari umepita kwake akaurekebisha; na mkweo mwenye wasiwasi; na wajukuu zako wote, pamoja na yule aliyezaliwa baada yako na ambaye tayari ameshalala usingizi mnono katika safu ya nyuma; na dada yako uliyekuwa ukigombana naye kwenye simu; na fundi cherehani, mchonga funguo na mkewe, fundi wa mashine, na mtaa mzima wa njia panda.

Kukusahau hatuwezi, Mama. Na kubomoa, hawabomoi.