Ngozi ya Mtu Asiye na Tatizo

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Hujambo? Watoto hawajambo? Baba ameamkaje? Mimi mwili mzima, roho ndiyo imeruka.

Unakumbuka kile kipande cha ngozi tulichomkata Baba kwa ajili ya maabara yetu? Seli zake tumezirudisha utotoni, zikawa seli shina, kisha tukazilea ziwe seli za ubongo, tuone huu ugonjwa wa kusahau unaanzaje. Ikatakiwa na ngozi ya mtu asiye na tatizo, ya kulinganishia. Kiherehere changu, nikatoa yangu!

Leo nimechungulia kwenye darubini. Seli zangu zina uchafu uleule wa ugonjwa ulio kwenye za Baba. Nikadhani nimechanganya vibandiko vya visahani, nikakagua mara tatu. Ni zangu, dada. Mkuu wangu bado hajui. Nimeshika kile kisahani nikatamani kukimwaga kwenye sinki.

Naogopa mno.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Baba anakula vizuri. Jana aliniita mama, akaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Nikamruhusu, ila arudi mapema! Nilicheka, halafu nikaenda kulia bafuni.

Usimwage kitu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie mkuu wako. Na kama asiye na tatizo wenu ana tatizo, chukueni ngozi yangu. Nakuzidi miaka minne na bado nakumbuka nani alivunja sahani zangu za harusi.

Ila majibu yangu usiniambie. Nina Baba wa kuosha na watoto wa kulea. Nikijua, nitashindwa kuamka. Wewe mvivu, unaandika mara moja tu kwa mwezi. Endelea hivyohivyo, nisione tofauti.

Dada yako

2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini kidonda cha mkono kimepona. Ngozi yako imefika salama.

Nimemwambia mkuu. Alivuta kiti, akakaa nami hadi nikamaliza kulia. Anasema kuwa na hatari si kuhukumiwa, wapo waliozeeka nayo na akili zao timamu. Nimeitikia. Nikifika nyumbani nakagua jiko mara kumi kama nimelizima.

Seli zako zinahitaji miezi mitano. Nitaandika mara moja kwa mwezi, nakuapia.

Mdogo wako

9 Septemba

Dada mpendwa,

Hamjambo? Mimi mzima. Huku mvua tu. Nimenunua viatu vipya, vinabana.

Mdogo wako

11 Septemba

Dada yangu,

Umelala salama? Vile viatu nimevirudisha. Nilitaka tu kukusalimu.

Mdogo wako

14 Septemba

Dada yangu wa pekee,

Hivi zile sahani za harusi zilikuwa na maua ya rangi gani? Nataka nikutafutie nyingine. Niandikie, hata mistari miwili.

Mdogo wako

18 Septemba

Mdogo wangu,

Barua tatu ndani ya wiki moja, na hakuna hata moja yenye habari. Tangu utoto hujui kudanganya.

Maua yalikuwa ya buluu. Nimekumbuka mara moja, kisha nikaanza kulia hapahapa jikoni, bahasha zako mapajani. Naogopa, mdogo wangu. Sijawahi kuogopa hivi.

Baba ameingia, akaniuliza nalia nini. Nikamwambia nimesahau. Akanishika mkono, akasema, "Usijali, mama. Hata mimi husahau."

Usiandike tena. Njoo.

Dada yako