Sifuri za Mwalimu Tluway

Jumatatu, 3 Februari
Simu kumi na nne leo, nimezipiga nikiwa nyuma ya kanisa, ndipo mtandao unaposhika hapa Masakta. Kumi na mbili wamepokea. Maswali ni yale yale. Siku saba zilizopita umetumia mara ngapi? Umelala? Umekula? Naandika kwenye kishikwambi, majibu yanakwenda kwa watafiti wa uraibu Mbulu. Itakuwa hivyo kila Jumatatu mwaka mzima. Wanataka kuona mtu anavyobadilika.

Safari wa bangi alicheka. "Mdogo wangu, niulize siku ambazo sikuvuta, utamaliza mapema."

Kisha Mwalimu Tluway. Alinifundisha hesabu shule ya msingi. Alianguka kutoka kwenye paa la nyumba yake, akapewa vidonge vya maumivu. Mgongo ulipona. Vidonge hajaviacha mpaka leo. Nilimpa shikamoo. Akauliza habari za mama, za mahindi, za ndama. Swali likafika, ulimi ukafa. Alinishika mkono nikijifunza kuandika namba. Nimuulize anameza vingapi? Kishikwambi hakiendi mbele bila kubonyezwa kitu. Nikabonyeza sifuri.

Nitarekebisha kesho.

Jumatatu, 10 Februari
Sikurekebisha. Leo sifuri tena. Mama alipita nyuma ya kanisa, akanisikia nikiongea naye, akafurahi. "Ndivyo mtoto anavyoongea na mkubwa." Nilijisikia vizuri. Naandika hili ili nilionee aibu baadaye.

Alhamisi, 13 Februari
Nimemwona Mwalimu sokoni Katesh. Amesimama nje ya duka la dawa, shati limelowa jasho, na baridi ilikuwepo. Aliniona, akageukia ukuta. Nami niligeuka. Kila mmoja alimheshimu mwenzake.

Jumatatu, 17 Februari
Sifuri. Dada Rehema, msimamizi wangu, alikuja na bodaboda kutoka Katesh kukagua. Akapitisha kidole kwenye kioo cha kishikwambi. "Huyu mwalimu wako anatia moyo." Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Nikamwongezea chai.

Jumatatu, 24 Februari
Sifuri ya nne. Ilinichukua muda mfupi kuliko zote.

Jumamosi, 1 Machi
Orodha ya matibabu imefika kwenye kishikwambi. Watu wanane watapelekwa Mbulu kutibiwa. Hakuna aliyekaa akachagua. Namba zimechagua. Safari yumo. Mwalimu hayumo. Kwenye rekodi zangu, mbele ya jina lake kumeandikwa: Ameacha. Na jina lake limetolewa kwenye simu za Jumatatu.

Wiki nne bila kutumia, mtu anahesabiwa amepona. Nilifundishwa hivyo siku ya kwanza. Niliandika hivyo kwenye daftari na kupigia mstari.

Jumapili, 2 Machi
Baada ya ibada mke wa Mwalimu alinisubiri mlangoni. Nilimpa shikamoo. Aliitikia, hakuniachia mkono. Akaniambia juzi mumewe ameuza blanketi la mtoto wao apate vidonge. Wamesikia gari la kupeleka watu Mbulu linakuja, na jina lake halimo.

"Mwanangu, wewe unafanya kazi na hawa watu. Mwalimu amewakosea nini?"

Nikasema sijui, mama. Nimesema hivyo mlangoni mwa kanisa.

Jumatatu, 3 Machi
Nimempigia Dada Rehema. Nimesema yote. Akaniambia:

"Ungemwandika kwamba hajajibu. Kuna kitufe cha hajajibu."

Kipo. Niliona aibu kukibonyeza, ningeonekana sijui kazi.

Alijaribu. Alipiga Mbulu mara mbili. Nafasi zimejaa, orodha nyingine ni baada ya miezi sita. Kuhusu mimi wataamua.

Watu wote wa hapa wananisifia adabu. Naichukia adabu yangu. Ilikuwa woga tu uliojifunza kusalimia.

Jumatano, 5 Machi
Jumatano ya Majivu. Gari limeondoka asubuhi. Safari alipanda na kofia mpya, akapunga mkono kama bwana harusi. "Mdogo wangu, ukipiga Jumatatu nitakuambia uji wa huko una sukari!" Watu wakacheka. Mwalimu hakuja kuangalia. Nilikwenda ibadani, nikapakwa majivu, nikarudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa Mwalimu. Mvua ilikuwa inanyesha, matope mpaka kwenye vifundo. Alikuwa amekaa kibarazani, blanketi jingine mabegani. Shikamoo. Marahaba. Akaanza kuuliza habari za ndama. Nikamkatiza. Sijawahi kumkatiza mtu mzima. Nikamwambia nimemwandikia sifuri nne, na kwa sababu yangu gari limemwacha.

Aliangalia mvua.

"Nilijua huniulizi. Kila Jumatatu nilikuwa nashukuru."

Kisha akasema, "Uliza sasa."

Kishikwambi nilikiacha nyumbani. Hata ningekuja nacho, jina lake halimo tena. Nilitoa daftari langu.

"Mwalimu, siku saba zilizopita umemeza vidonge mara ngapi?"

Alihesabu kwa vidole, polepole, kama alivyokuwa anatuhesabia darasani. Mkono mmoja ukaisha, akaenda wa pili, akarudi wa kwanza, akaenda tena wa pili.

"Kumi na tisa."

Nikaandika kumi na tisa. Akainama kuangalia kama nimeandika vizuri.

"Jumatatu uje tena," akasema.