Maziwa Niliyoyapitisha

Jumatatu, 4 Machi
Mafua yamekwisha, kifua kimefunguka, lakini pua — kimya! Asubuhi nimejipaka mafuta ya karafuu, nikadhani chupa imeingia maji. Nikampa mume wangu anuse. Karudisha kichwa nyuma, ati yanamtoa machozi. Nikaifunga chupa, nikaondoka.
Kazini, kwenye kituo cha kupokea maziwa, nimefunua makopo arobaini na mawili ya maziwa, nikainama juu ya kila moja kama kawaida. Pitisha. Pitisha. Pitisha. Wafugaji wananiita Pua. Nani atamweka kazini Pua asiyenusa?

Jumatano, 6 Machi
Tangi zima la maziwa ya juzi limechacha! Kiwandani wamelirudisha lilivyokwenda. Meneja kafura. Kaniuliza mbele ya watu. Nimesema niliyoyanusa mimi yalikuwa mazima.
Basi ni makopo, akasema. Hayakuoshwa.
Anayeosha ni Mama Mvuke. Miaka kumi na saba ameshinda kwenye maji ya moto, mikono imebabuka. Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa: funua, inama, vuta mara moja, geuza uso. Alinitazama nimtetee. Nami nikatazama viatu vyangu.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Mvuke kasimamishwa kazi. Kaondoka na ndara zake kwenye mfuko wa plastiki. Hakuniaga.

Jumamosi, 9 Machi
Nimekwenda zahanati. Daktari — binti mdogo, mpole — kanipa pipi, kaniambia nibane pua. Tamu. Achia sasa. Tamu tu. Akasema mwenye pua nzima hapo angepata limau.
Kumbe ulimi una mambo machache! Tamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu: ukitafuna, inapanda kwa nyuma ya koo mpaka juu kabisa ndani ya pua, na huko ndiko ubongo unakopashwa habari. Mafua yangu yamejeruhi huko juu. Itarudi? Huenda, kasema. Wiki, pengine miezi. Ninuse vitu kila siku, hata kama sipati kitu.
Nikamuuliza: na uchachu, ulimi wangu bado unaujua? Kanidondoshea siki. Nikakunja uso mpaka akacheka.
Mimi sikucheka. Kijiko kimoja! Ningeonja kijiko kimoja kwa kila kopo, lile bovu ningelikamata. Kijiko kilikuwa pale mezani kazini. Niliona haya, watu wasije wakamwona Pua anaonja.

Jumanne, 12 Machi
Sasa naonja, kwa kujificha nyuma ya kifuniko. Leo nimekataa makopo mawili. Kiwandani hawajarudisha kitu tena; meneja kafurahi: unaona, tangu yule mama aondoke mambo yamenyooka! Hapo hapo ningesema. Nikafunua kopo jingine.
Usiku chakula kama karatasi. Mume wangu kauliza nina nini. Nikasema uchovu.

Ijumaa, 15 Machi
Nimeomba ruhusa, nikaenda kwa Mama Mvuke. Njia nzima napanga maneno. Kafungua mlango, uso mkavu, lakini kanikaribisha. Alikuwa na sufuria ya maziwa jikoni. Kanimiminia kikombe.
"Niliyasahau jikoni. Hebu nusa, mwanangu, hayajaungua?"
Nikainama. Nikavuta mara moja. Hakuna kitu. Ningeweza kusema ni mazuri, tukaendelea.
"Sijui, mama."
"Hujui vipi? Wewe?"
"Sinusi. Tangu yale mafua."
Akaiweka sufuria chini. Nilisikia maji yakidondoka kwenye beseni. Kisha kwa sauti ndogo: "Na siku ile ya tangi?"
Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kila usiku anayaosha yale makopo upya kichwani, moja baada ya moja, akitafuta ni lipi alilolikosea. Halafu akaingia chumbani, akafunga mlango.
Nimekaa kibarazani kwake, naandika juu ya goti. Nusu saa sasa. Nimegonga mara moja, hakujibu. Nilidhani analia.
Halii. Nasikia kabati linafunguliwa. Anatafuta kitu — viatu! Katoka kavaa kitenge cha kutokea, kajifunga kilemba. Hanitazami usoni.
"Nyanyuka. Twende kwa meneja. Na utakayesema ni wewe."
Ofisi inafungwa saa kumi. Sasa ni saa tisa na nusu. Yuko getini tayari, ananingoja, na mimi bado naandi—