Mwanatatu Ameshona Shati Zima

Magongo, Changamwe,
Mombasa.
14 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Abdulghani,

Shikamoo mjomba. Goti lako laendeleaje na joto la huko Maskati? Mkaza mjomba Nasreen naye hajambo? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama sasa yuaenda sokoni bila fimbo.

Mjomba, nimeshindwa kungoja simu ya Jumapili. Wajua tangu Januari nasimamia karakana hii ya sare za shule, mafundi kumi na wanane, na jioni nasomea uongozi wa wafanyakazi. Basi yale ya darasani yamefanya kazi, wallahi!

Baada ya Idi tulikuwa pabaya. Mashati yalirudishwa yamefumuka mishono, na tajiri wetu, Bwana Kiponda, akasema ikipotea shule moja zaidi anafunga.

Mwalimu alitufunza kwamba mtu aliyekosa mahitaji ya chini hawezi kufikiria ya juu. Nikaanzia huko: feni zikatengenezwa, mlango wa choo ukatiwa kitasa. Manung'uniko yakaisha, lakini mishono ikabaki vile vile! Nikabandika ukutani picha ya fundi bora wa wiki. Kesho yake niliikuta imegeuzwa, uso umeelekea ukutani.

Halafu Mwanatatu, fundi wetu wa miaka mingi, akaniletea barua ya kuacha kazi. Nikamuuliza nani amemuudhi.

"Hapana aliyeniudhi," akasema. "Miaka kumi na mmoja nashona kola, Wardah. Kola tupu. Mwanangu aliniuliza kama sare yake nimeishona mimi, nikamwonyesha kola peke yake."

Moyo uliniruka, mjomba. Ndiyo ile nadharia nyingine niliyoikariri kwa ajili ya mtihani tu: ukiondoa kero mtu hutulia, lakini hamu ya kazi huitoa kwenye kazi yenyewe, akiiona ni yake. Nikamwomba anipe majuma mawili.

Nikamshawishi Bwana Kiponda tuwagawe mafundi kwa makundi madogo, kila kundi lishone shati kuanzia kitambaa hadi vifungo. Akanijibu, "Wakichelewa, jawabu utalitoa wewe."

Na walichelewa! Juma la kwanza kila jioni nilihesabu mashati yaliyobaki. Mwanatatu hakuwa amewahi kutia mkono wa shati. Aliharibu sita, akafumua, akaanza upya, huku wenzake wakimshikia kitambaa. Juma la pili cherehani zikashika kasi. Wenyewe, bila kuambiwa, wakaanza kutia herufi za majina yao ndani ya pindo.

Mashati mia nne yakaenda shuleni. Halikurudi hata moja!

Bwana Kiponda alipogeuza shati moja jipya ndani nje, akauliza herufi zile ni za nani. Mwanatatu akainuka. "Hizo ni zangu, bwana." Bwana Kiponda akamwomba awafunze mafundi wapya, naye akakubali palepale. Ile barua yake nikamrudishia, akaichana mbele yangu.

Jana saa kumi na moja nilitangaza kazi imekwisha. Hakuna aliyeinuka. Ilibidi nizime umeme mwenyewe, nao wakanizomea kama watoto!

Nisalimie binamu zangu Anwar na Jalila, na mkaza mjomba umwambie viatu alivyoniletea vimenitosha. Mama na mdogo wangu Tumu wanawasalimu sana. Mola awape afya na awarudishe nyumbani salama.

Mpwa wako akupendaye,
Wardah