Hii Parsele Haiuzishwe

Alhamisi. Jua kali tangu asubuhi, na leo nalipenda kuliko siku zote.

Mnaonisoma mnajua kazi yangu: naanika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, hapa Kavimvira, kwenye kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu, kati ya barabara na ziwa. Jua la asubuhi latoka ziwani. La mchana hupita juu ya barabara, kisha milima inalimeza mapema. Ndagala wakilikosa hilo la mchana, jioni wananuka.

Nilipokwenda Sange kumuuguza mama, shemeji yangu Obedi, mdogo wa marehemu, aliwaambia watu wa matangazo kwamba yeye ndiye mwenye parsele, yaani kiwanja hiki. Niliporudi nikakuta bango kubwa kama nyumba, limesimama juu ya vyuma viwili ndani ya ukuta wangu. Kila mchana kivuli chake kililala juu ya samaki.

Aliuza jua langu.

Niliwamwagia kuku samaki waliooza, nikamwendea. Alikuwa mezani. "Mwanamuke hana parsele, shemeji," akaniambia. "Ile ni ya famiye, ya ukoo wetu." Na kwenye sahani yake walikuwa ndagala wangu.

Kanisani, sala ilipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, nilifunga mdomo.

Kisha nikalisoma lile bango vizuri. Mwanamke anacheka mbele ya nyumba nzuri, na maandishi: NUNUA KIWANJA CHAKO LEO. Sasa, nani hapa Uvira hajui watu wanachoandika ukutani wakiogopa ndugu atauza nyumba kwa siri? Nikanunua rangi nyekundu. Kwenye ukuta wangu, chini kabisa ya yule anayecheka, nikaandika kwa herufi kubwa:

HII PARSELE HAIUZISHWE.

Mji ukapata cha kuchekea. Abiria wa basi zinazotoka Sange walisoma juu, wakasoma chini, wakatoa simu kupiga picha.

Leo watu wa matangazo wamekuja wamekunja nyuso, Obedi yuko nyuma yao. Wakataka nifute. Nikawajibu kwa adabu: "Minye sikugusa bango yenu. Niliandika ku ukuta yangu."

Mkubwa wao akashangaa kusikia ukuta ni wangu. Akawauliza wauza mihogo wa ng'ambo ya barabara mwenye parsele ni nani. Wakajibu kwa pamoja kama darasani: "Ni ya Mama Neema," yaani mimi.

Obedi akatazama viatu vyake. Nilifurahi. Nilifurahi vibaya, na simwombi mtu radhi.

Kabla jua halijafika milimani, bango lilikuwa limeshushwa na vyuma vimeng'olewa. Ndagala wa leo wamekauka hadi wanavunjika mkononi. Nimewashika muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Jioni Obedi akarudi peke yake. "Shemeji, bango iliisha kwenda. Futa ile maneno. Watu wananichekaka mu njia." Nilimpakulia ugali na ndagala, akala bila kuinua macho. Marehemu angetaka nimsamehe, najua. Lakini marehemu hakuwamwagia kuku samaki.

Kesho nitanunua rangi nyingine. Chini ya yale maneno imebaki nafasi ya jina moja: Obedi.