Ghati, Ulishuka Tena

Rafiki yangu Ghati,

Mvua zimeanza huku Nyamisangura. Kila nikisikia ngurumo nafikiria kaburi lako kule kwenu Machochwe, kama udongo umetitia. Mama yako alisema watalijengea kwa saruji wakishavuna. Bado hawajajenga.

Machimbo yamefunguliwa tena. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu. Duara, lile shimo la dhahabu lililokuua, walilifukia, wakasogea kidogo tu, wakachimba jingine. Watu wanashuka asubuhi kutafuta dhahabu huku wakitaniana. Mimi siendi tena kuuza chai kule, nimefungua kiduka hapa mjini. Nikiona kifusi nageuza njia.

Siku ile nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Ukingo ulipoporomoka na vijana watatu wakabaki chini, kila mtu alikimbilia shimoni. Ni wewe uliyepiga kelele, "Rudini nyuma! Mnawafukia!"

Sauti ile niliijua. Niliisikia mara ya kwanza tukiwa darasa la sita, kwenye kambi ya skauti kando ya hifadhi, siku tembo walipopita karibu na mahema yetu. Mwalimu alikuwa amekwenda mtoni na wenzetu kuchota maji. Watoto walianza kutawanyika wakilia, na wewe, mdogo kuliko wote, ukasema, "Kaeni chini. Shikaneni mikono. Hakuna kukimbia." Tukakaa. Tembo walipita wakivunja matawi. Nilijikojolea, Ghati, na hukumwambia mtu yeyote mpaka unakufa.

Ukajifunga kamba kiunoni kwa lile fundo lisiloteleza tulilofundishwa kambini. Ncha nyingine ukatupa sisi tuishike. Ukamtoa Mwita. Ukashuka tena, ukamtoa Chacha, nilikusikia ukimwambia, "Mura, kijana wangu, tulia, pumua taratibu." Watu wakashangilia. Nikakuambia inatosha, ngoja waje wenye mashine. Ukaniangalia, uso umejaa vumbi, ukasema, "Kuna mmoja bado anaita."

Ukashuka.

Udongo ulipoanguka tulivuta mpaka viganja vikachanika. Kamba haikuja.

Msibani mama yako alinishika mkono mbele za watu akasema, "Hiyo skauti yenu ndiyo imeniulia mtoto." Kuna siku naamini hivyo hivyo. Kama tusingefundishwa, ungesimama pembeni kama sisi wengine, na leo ungekuwa hapa unaicheka chai yangu kwamba ni maji matupu. Halafu Chacha anapita dukani amembeba binti yake, aliyezaliwa baada ya sisi kukuzika. Wamempa jina lako. Namshika yule mtoto, na sijui kama ninachosikia ni furaha au hasira.

Mtoto wako Rhobi amekua, anaishi na bibi yake. Juzi nilikwenda kuwaona. Nilimwamkia mama yako shikamoo, akaitikia kwa shida. Tulipokaa, Rhobi akaniuliza, "Ni kweli mama hakuogopa?" Ndivyo watu wanavyomwambia. Nikamwambia ukweli: uliogopa. Niliyaona magoti yako yakitetemeka kila uliposhuka.

Mama yako akainuka akaingia ndani. Tulimsikia akilia. Alipotoka alikuwa amejifunga khanga upya, akaniambia, "Likizo hii mchukue. Mfundishe aliyoyajua mama yake, asiyasikie kwa watu." Akamvuta Rhobi karibu yake. "Lakini unirudishie."

Basi nitakwenda naye porini. Atajua kuwasha moto kuni zikiwa na unyevu, atajua kutafuta njia kwa kuangalia jua, atalala hemani asikie fisi na asikimbie. Na nitamfundisha lile ambalo sisi hatukufundishwa, kwamba kuna mahali mtu anaruhusiwa kusema sishuki. Sijui kama atanisikia. Ni mtoto wako.

Lala salama, Ghati. Nitamrudisha kwa bibi yake.

Rafiki yako,
Bhoke