Nilimwambia Mashine Inaumwa

Jumapili, baada ya adhuhuri. Manyunyu tangu asubuhi, ziwa lote limekuwa la kijivu.

Assalamu alaykum wewe unayesoma, na kama si Mwislamu nakusalimu vilevile kwa moyo mmoja. Hujambo? Nyumbani wazima? Presha ya mama imeshuka? Mama yako simjui, ila siku hizi kila nyumba haikosi mwenye presha. Mimi mwili mzima, alhamdulillahi.

Nyumba ndiyo imekuwa kubwa.

Zuhura ameondoka leo asubuhi. Ni mwanangu wa pekee, ana jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo namwita mama. Anashona nguo Mkuyuni, mjini Mwanza. Mimi nimebaki huku ng'ambo ya Busisi tangu mama yake atangulie mbele ya haki. Zamani nilikuwa fundi wa mitumbwi, sasa nawatembeza wageni majini, wanaangalia ndege na mawe. Wengi wanatoka nchi za mbali, na Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, tena hata huko kilikuwa kinachechemea. Basi kila walipokuja wageni, Zuhura alikuja kunitafsiria. Enzi hizo ni kivuko, foleni masaa, na alikuja. Sasa daraja limekwisha, gari linavuka dakika chache, na haji.

Haji kwa sababu nimepata mashine.

Watu wa mradi wa utalii walituletea simu yenye akili mnemba ndani yake. Haitaki mtandao, na ndiyo sababu wakatuletea sisi, maana huku mtandao unaupata juu ya kilima tu. Nikisema Kiswahili, yenyewe inasema Kiingereza. Mgeni akijibu, inanigeuzia. Akipiga picha ya ndege, inamtajia jina.

Mwanzoni ilinitia aibu. Kuandika naandika vizuri, lakini ulimi wetu wa huku unachanganya, nikisema "mahali" inatoka "mahari". Siku moja nikawaambia mzee mmoja na mkewe, wamekuja na binti yao, kwamba tukifika mahari pazuri tutapumzika. Mashine ikashika mahari ya kuolea. Yule mzee akamvuta binti yake karibu, akasema neno, na mashine ikanigeuzia kwa adabu zote: "Ahsante, lakini tayari ana mchumba."

Nilipomsimulia Zuhura alicheka mpaka akakohoa. Akaja. Siku tatu tumekaa barazani, anaiandikia mashine orodha ya maneno yangu. Baba akisema mahari, maana yake mahali. Baba akisema kura, maana yake kula.

"Isipokuwa siku ya uchaguzi," nikamwambia.

"Hata siku ya uchaguzi, Baba, wewe ni kula tu."

Tangu hapo mashine haijakosea. "Umepata mkalimani asiyemaliza ugali," akaniambia, akaenda zake. Imepita miezi mitano. Wageni wanakuja, wanafurahi, wanaondoka. Wakiongea wanaitazama simu. Mimi wananitazama wakati wa kuagana.

Sasa kosa langu.

Jumatano nilipanda kilimani nikampigia. Nikasema, "Mama, mashine inaumwa. Imerudia mambo ya mahari, na Ijumaa nina wageni."

Ni uongo. Nauandika hapa ulivyo ili nisiuzunguke.

Alhamisi akafika, ameacha gauni la bibi harusi juu ya cherehani, shingo haijakamilika. Hata chai hajaigusa, akanisogezea simu mdomoni. "Sema, Baba." Nikasema mahari. Ikatoa sawa. Nikasema kura. Sawa. Akanipa sentensi ndefu yenye mahari na kura na kurara, ikatoka safi kama imefuliwa. Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu vya miguu.

Zuhura akaizima simu. Kisha akasema, "Kweli, Baba, haiko sawa. Inabidi nikae mpaka Jumapili."

Ijumaa, baada ya swala, aliingia mtumbwini akatafsiri mwenyewe. Simu aliifungia kwenye mkoba. Wageni walicheka naye, akanitania mbele yao, na sikuhitaji kujua alichosema. Nilipiga kasia kama kijana. Lakini nilikuwa nawaza lile gauni. Uongo nimeuanzisha mimi, na mwanangu ameubeba mgongoni ili nisiaibike.

Leo wakati wa kuagana amenishika mkono akasema, "Ikiumwa tena, uniambie."

Kwa nini sisemi tu, mama, njoo, nimekukumbuka? Nimejiuliza tangu gari lake lilipoondoka. Naona ni hivi. Nikimwambia mashine mbovu naye asije, atakuwa ameikataa mashine. Nikimwambia njoo kwa ajili yangu, naye asije...

Hiyo sentensi sijaweza kuimaliza.

Kwa Mola wangu nimetubu. Kwa Zuhura bado. Nikishaswali alasiri nitapanda kilimani kutuma haya mtandaoni, na nikiwa huko huko nimpigie nimweleze kwamba mashine ni nzima, tena ilikuwa nzima siku zote. Nimwombe radhi kwa lile gauni. Halafu nimwombe aje siku ambayo hakuna mgeni hata mmoja.

Sijui nianze na neno lipi. Wewe mwenye mzazi kijijini, ungependa akuambieje? Kabla ya magharibi nitakuwa nimeshampigia, ujibu usijibu. Lakini tafadhali, nijibu upesi.